Usiseme "Sawa" Kabla ya Kuuliza Kifungu: Mwongozo kamili kwa familia ambazo halmashauri ya Uingereza inahusika na malezi ya mtoto wao

Nimekalimani kwenye mikutano mingi ya ustawi wa watoto, na kosa ninaloliona ni lilelile. Afisa anaeleza jambo kwa dakika tano. Mkalimani anatafsiri. Mama anainamisha kichwa na kusema, "Sawa." Alimaanisha "nimekusikia". Kwenye kumbukumbu za halmashauri kunaandikwa kwamba mama amekubali. Miezi minne baadaye anashangaa kwa nini mwanawe hajarudi nyumbani, na kwa nini bibi anayemlea hapati hata senti ya kumnunulia viatu vya shule.

Karibu kila jambo ambalo halmashauri inafanya juu ya mtoto lina namba ya kifungu, na vingi vimo katika Sheria ya Watoto ya 1989. Haki zako, haki za mtoto na fedha za mlezi hufuata namba hiyo. Kwa hiyo mwongozo huu wote unazunguka swali moja: "Hapa tuko kwenye kifungu gani?"

Ninaposema Uingereza nina maana ya England peke yake. Wales, Uskoti na Ireland ya Kaskazini zina sheria zao. Neno jingine la kuwekana sawa: Tanzania husema "mlezi wa kambo" kwa mtu anayepewa mtoto na serikali amlee, lakini wengi wetu tukisikia kambo tunafikiria mume au mke mpya wa mzazi. Hapa nitasema "mlezi wa halmashauri".

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya yote

- Daftari moja, la kesi hii tu. Kila simu na kila ziara: tarehe, jina la afisa, alichosema, ulichojibu.
- Faili la barua zote, hata zile usizozielewa. Zaidi zile usizozielewa.
- Cheti cha kuzaliwa cha mtoto, pasi yake ya kusafiria na karatasi za uhamiaji.
- Orodha ya ndugu na marafiki wa familia wanaoweza kumlea mtoto, wa hapa na wa nyumbani, pamoja na simu zao na uhusiano wao halisi wa damu.
- Mkalimani anayetolewa na halmashauri. Usimtumie mtoto, wala jirani wa msikitini au kanisani ambaye kesho atakuwa na habari zako. Taja lugha yako sawasawa: Kiswahili cha Bukavu si cha Tanga, na Mbarawa anayezungumza Chimwini anaweza kupotea katika vyote viwili.
- Jina la wakili wa sheria za watoto. Chama cha Mawakili cha Uingereza kina orodha ya waliothibitishwa kwa kazi hii. Wakili aliyekushughulikia viza si lazima awe mtu wake.

## Hatua ya 1: Mlango ukigongwa, uliza kama ni 17 au 47

Taarifa inaweza kutoka shuleni, kwa daktari, polisi au jirani. Halmashauri ina siku moja ya kazi kuamua itaifanyia nini.

Kifungu cha 17 ni cha msaada. Mtoto anaonekana anahitaji kitu ambacho familia haijakipata: makazi, chakula, msaada wa ulemavu. Tathmini isizidi siku 45 za kazi. Hiki ni cha hiari, nawe unaweza kukataa, lakini kukataa bila sababu huongeza wasiwasi wao. Familia ambayo karatasi zake za uhamiaji zinaizuia kupata fedha za umma bado inaweza kusaidiwa makazi na fedha za kujikimu kupitia kifungu hiki kwa ajili ya mtoto. Wengi hawaambiwi.

Kifungu cha 47 ni cha uchunguzi. Kuna sababu ya kushuku kwamba mtoto anaumizwa, au huenda akaumizwa, kwa kiwango kikubwa. Hapa hawahitaji ridhaa yako ili waulize shule au zahanati, na wanaweza kuzungumza na mtoto peke yake.

Swali linalokuja mara nyingi ni la fimbo. England bado inamwachia mzazi utetezi wa "adhabu ya kiasi", lakini utetezi huo hauvuki alama. Mstari wa mwiko mgongoni unaoonekana kesho yake kwenye mazoezi ya viungo ni suala la polisi. Usijitetee kwa kusema nyumbani tunalea hivyo. Afisa ataandika kwamba unakusudia kuendelea.

Onyo: Afisa wa ustawi hana mamlaka ya kumchukua mtoto kwa mikono yake. Mtoto huondoka kwa njia tatu tu: mzazi akubali, polisi watumie kifungu cha 46 (mwisho saa 72), au mahakama itoe amri. Amri ya dharura ya mahakama ni siku 8, na huongezwa mara moja tu kwa siku 7. Akisema "tunaondoka naye sasa," uliza kwa njia ipi kati ya hizo.

Hatua hii imekwenda vizuri kama kwenye daftari lako kuna namba ya kifungu, jina la afisa na la msimamizi wake, na tarehe ambayo tathmini inapaswa kumalizika.

## Hatua ya 2: Mkutano wa ulinzi wa mtoto

Uchunguzi wa kifungu cha 47 ukithibitisha wasiwasi, mkutano huitishwa ndani ya siku 15 za kazi tangu maafisa na polisi walipokaa kujadili. Mwalimu, muuguzi, polisi na afisa watakuwepo. Nawe pia. Unaweza kuja na mtu wa kukusindikiza.

Ripoti unapaswa kuisoma kabla, si kwenye korido dakika kumi kabla ya kuingia. Omba itafsiriwe au usomewe na mkalimani, kisha andika yasiyo kweli ukitaja ukurasa. Makosa ya jina, umri na nani anaishi nyumbani yanaonekana madogo, lakini yasiporekebishwa hapa yatanakiliwa hadi mahakamani.

Mpango ukiwekwa, utaangaliwa tena ndani ya miezi mitatu, kisha angalau kila baada ya miezi sita. Mtoto bado yuko kwako. Mpango mzuri unasema nani atafanya nini kufikia lini. Ukiambiwa "mama aboreshe malezi" bila maelezo, uliza: "Nikifanya jambo gani mtajua nimeboresha?" Swali hilo limewahi kunyamazisha chumba kizima.

## Hatua ya 3: Karatasi ya kifungu cha 20

Hapa ndipo "sawa" huuma zaidi.

Kifungu cha 20 kinairuhusu halmashauri kumpa mtoto mahali pa kuishi bila kwenda mahakamani, mzazi akiwa hapingi. Kuna nyakati kinasaidia kweli: mama analazwa kwa upasuaji na hana ndugu jirani, au baba anahitaji wiki chache atulie. Shida ni pale mzazi anaposaini akidhani ameamriwa.

Kabla ya kalamu kugusa karatasi:

1. Mwambie mkalimani aseme kwa sauti: "Bado sijakubali. Naomba kuelewa kwanza."
2. Uliza kama ni kifungu cha 20, na kama ukikataa watafanya nini. Jibu linaweza kuwa "tutakwenda mahakamani". Hilo si tusi. Mahakamani utapata wakili wa bure na jaji atakayesikiliza pande mbili.
3. Omba muda wa kumpigia wakili. Mtu mwenye homa, mwenye uchungu wa kujifungua au aliyetoka kupewa dawa kali hapaswi kuwekewa karatasi hii mbele.
4. Itafsiriwe yote, pamoja na sehemu ya tarehe ya mwisho. Kama haina tarehe ya kuangaliwa upya, omba iandikwe.

Kwa kifungu cha 20 halmashauri haipati mamlaka ya mzazi. Mwenye mamlaka hayo kisheria anaweza kumwondoa mtoto wakati wowote, bila kutoa notisi. Mahakama Kuu Kabisa ya Uingereza ilikumbusha jambo hili mwaka 2018 katika kesi dhidi ya halmashauri ya Hackney. Lakini usiende kumchukua usiku kwa hasira. Andika barua pepe kupitia wakili kwamba umeondoa ridhaa yako, la sivyo wataita polisi na utakuwa umewapa sababu ambayo hawakuwa nayo. Pia ujue kwamba kijana aliyetimiza miaka 16 anaweza kukubali mwenyewe kukaa chini ya kifungu hiki, hata wewe ukipinga.

Umefaulu kama una nakala yenye tarehe, na ukiulizwa usiku wa manane unaweza kueleza kwa maneno yako ulichosaini. Ukishindwa kueleza, ulisema sawa ya kusikia.

## Hatua ya 4: Ndugu akiombwa amchukue mtoto

Sehemu hii isomwe na bibi, shangazi, mjomba na mama wadogo.

Simu inapigwa saa mbili usiku: "Unaweza kumchukua mjukuu wako leo?" Nani atakataa? Bibi anapanga godoro. Hakuna karatasi. Wiki sita baadaye anaomba msaada wa chakula na kuambiwa, "Huo ni mpango wenu wa kifamilia."

Kwa hiyo uliza usiku uleule, kabla mtoto hajashuka garini: "Je, mtoto anakuja kwangu chini ya kifungu cha 20, au mnasema ni mpango wa familia?" Majibu mawili, maisha mawili.

Akiwa chini ya kifungu cha 20, au cha 38 kama kuna amri ya muda ya mahakama, mtoto ni wa halmashauri kimalezi. Ndugu hupewa idhini ya muda ya wiki 16, inayoweza kuongezwa wiki 8, akifanyiwa tathmini ya kuwa mlezi kamili. Anastahili posho ya malezi kama mlezi mwingine, na mtoto anapata haki zote nitakazozitaja kwenye hatua ya 6.

Ukiwa ni mpango wa familia, halmashauri inaweza kusaidia kupitia kifungu cha 17, lakini kwa hiari yake.

Je, wakisema ni mpango wa familia ilhali wao ndio waliopiga simu, wakakubembeleza, wakamleta mtoto kwa gari lao? Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 2007, katika kesi ya halmashauri ya Southwark, kwamba halmashauri iliyoshika nafasi kubwa katika kumpeleka mtoto kwa mlezi haiwezi kujivua wajibu kwa kuuita mpango binafsi. Ndiyo maana daftari lina thamani: nani alipiga simu, saa ngapi, alisema nini. Shirika la Family Rights Group hutoa ushauri wa bure kwa ndugu walio katika hali hii.

### Mtego wa "mama mdogo"

Kiswahili kina ukarimu ambao sheria ya Uingereza haina. Kwetu binti wa dada yake bibi ni mama mdogo, na mtoto akikaa kwake yuko kwao. Kwa sheria ya hapa, ndugu wa karibu ni babu na bibi, kaka na dada, mjomba, shangazi, ami au mama mdogo aliye ndugu wa mzazi (hata kwa ndoa), na mzazi wa kambo. Binamu wa mama hayumo. Dada ya bibi hayumo. Rafiki aliyekula chumvi na familia miaka ishirini hayumo.

Mtoto wa chini ya miaka 16 (18 akiwa na ulemavu) akikaa siku 28 au zaidi kwa mtu asiye kwenye orodha hiyo, kwa makubaliano ya wazazi, ni malezi binafsi. Halmashauri lazima ijulishwe wiki 6 kabla, au mara moja kama mtoto ameshafika. Kutojulisha ni kosa la jinai. Afisa atakuja kuangalia nyumba ndani ya siku 7 za kazi.

Wengi huogopa kujulisha wakidhani mtoto atachukuliwa. Ziara nyingi ni za kuona kitanda, shule na kadi ya kliniki. Lakini jambo hili lina uzito wake: Victoria Climbié, msichana wa miaka minane kutoka Ivory Coast, aliuawa London mwaka 2000 akiwa mikononi mwa shangazi wa baba yake.

### Orodha ya ndugu itoe mapema

Muda wa kesi ni mfupi, na tathmini ya ndugu ni ndefu: rekodi ya polisi ya kila mtu mzima nyumbani, ripoti ya daktari, wadhamini, nafasi ya kulala. Ndugu aliyetajwa wiki ya 20 kati ya wiki 26 za kesi huwa amechelewa.

Ndugu wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura pia wanaweza kutathminiwa. Shirika la Children and Families Across Borders hufanya kazi ya kuunganisha maafisa wa nchi mbili kwa ajili hiyo. Taja majina siku ya kwanza, na omba mkutano wa familia ambapo ukoo unakaa peke yake kutunga mpango wake kabla maafisa hawajarudi chumbani. Jambo hilo tunaliweza. Vikao vya harusi na misiba tumevikalia tangu utotoni.

## Hatua ya 5: Barua ya kabla ya kesi, kisha mahakama

Barua rasmi ikisema halmashauri inafikiria kwenda mahakamani, usiiweke juu ya friji. Ipeleke kwa wakili siku hiyohiyo. Mzazi aliyeipokea anapata wakili bila malipo, hata kama ana kazi nzuri. Kesi ikifunguliwa, uwakilishi wa wazazi na wa mtoto ni bure vilevile. Ndugu wengine hawapati moja kwa moja, kwa hiyo waulize mapema.

Kesi ni ya kifungu cha 31. Halmashauri inapaswa kuthibitisha kwamba mtoto ameumia au ataumia kwa kiwango kikubwa kwa sababu ya malezi anayopata, au kwa sababu ameshindikana na mzazi hawezi kumdhibiti. Kisha jaji anauliza lililo bora kwa mtoto huyu. Sheria inataka kesi imalizike ndani ya wiki 26.

Mtoto hupewa mtetezi wake kutoka Cafcass, shirika linalowasemea watoto katika mahakama za familia, asiye mtu wa halmashauri. Jaji humsikiliza sana. Mpe ushirikiano uleule unaompa wakili wako.

Mwisho wa kesi unaweza kuwa: mtoto kubaki nyumbani bila amri, amri ya usimamizi (halmashauri inamfuatilia mtoto bila kupata mamlaka ya mzazi), ndugu kupewa ulezi maalumu hadi mtoto atimize miaka 18, amri ya malezi ya halmashauri, au kuruhusiwa kuasiliwa. Ulezi maalumu huwavutia ndugu kwa sababu unaondoa maafisa nyumbani, lakini mpango wa posho na msaada uandikwe kabla ya amri kutolewa. Baada ya hapo nguvu yako ya kudai hupungua sana.

Onyo kubwa: Usimsafirishe mtoto nyumbani kesi ikiendelea. Najua wazo huja: "nimpeleke kwa mama Tanga, yaishe." Kukiwa na amri ya malezi, hata ya muda, kumtoa nchini bila ruhusa ni kosa la jinai, na pasi huzuiwa. Hata pasipo na amri, tiketi ya ndege ikionekana kwenye simu yako huwa ushahidi mbaya kuliko wote waliokuwa nao dhidi yako.

## Hatua ya 6: Mtoto yuko chini ya halmashauri. Dai ratiba yake

Zaidi ya watoto 80,000 wako chini ya uangalizi wa halmashauri England, na takriban theluthi mbili wanaishi kwa walezi majumbani, si kwenye vituo. Sheria inampangia kila mmoja ratiba hii:

- Mpango wa malezi: ndani ya siku 10 za kazi.
- Uchunguzi wa afya: kabla ya kikao cha kwanza cha mapitio. Baadaye kila miezi sita akiwa chini ya miaka mitano, na kila mwaka akivuka hapo.
- Mpango binafsi wa elimu: ndani ya siku 10 za kazi, kisha uangaliwe kila muhula. Kuna fedha za ziada kwa shule kwa ajili yake, na hupewa kipaumbele kupata nafasi.
- Ziara ya afisa: wiki ya kwanza, kisha angalau kila wiki sita mwaka wa kwanza.
- Kikao cha mapitio: ndani ya siku 20 za kazi, kingine ndani ya miezi mitatu, kisha kila miezi sita.

Kikao hicho huongozwa na afisa huru wa mapitio, asiyesimamia kesi. Lalamiko lako mpelekee yeye kwa maandishi.

Amri ya malezi haikufuti uzazi. Mamlaka yako yanabaki, ila halmashauri inashika usukani. Una haki ya kuulizwa juu ya dini, shule na matibabu makubwa. Na yale yanayoonekana madogo yaandikwe ndani ya mpango: nywele zinasukwa vipi na kwa mafuta gani, nyama halali, Ramadhani, jina linavyotamkwa. Mlezi mwenye nia njema kabisa anaweza kumnyoa mtoto kwa sababu hakujua kusuka.

## Hatua ya 7: Kuonana na mtoto

Chini ya amri ya malezi, kifungu cha 34 kinaitaka halmashauri iruhusu muonane kwa kiasi kinachofaa. Ikitaka kukuzuia zaidi ya siku saba, inahitaji mahakama.

Omba mapema msimamizi anayejua Kiswahili, au mkalimani. Vinginevyo mara nyingi utatakiwa uongee Kiingereza, na "usilie mama, vumilia" ukimnong'oneza mtoto itaandikwa kwamba ulisema maneno yasiyoeleweka. Fika kwa wakati. Njoo na chakula anachokijua. Usimwahidi siku ya kurudi.

## Hatua ya 8: Kabla hajatimiza miaka 18

Kijana anayetoka malezini hupewa mshauri wake anayeweza kuendelea naye hadi miaka 25, na mpango wa maandishi wa makazi, masomo na kazi. Akikubaliana na mlezi wake anaweza kubaki pale hadi miaka 21. Kuna posho ya kuanzia nyumba, ambayo serikali iliipandisha hadi pauni 3,000 mwaka 2023, na ruzuku ya pauni 2,000 akienda chuo kikuu.

Linalosahaulika zaidi kwa watoto wetu ni uraia. Mtoto aliyeletwa akiwa na miaka mitatu anaweza kufika 18 bila karatasi, kila mtu akidhani mwingine ameshughulikia. Tangu Juni 2022, mtoto aliye chini ya halmashauri hasamehewi ombi, bali husamehewa ada ya kusajiliwa kuwa raia, na ada hiyo ni kubwa. Msamaha huo ni wa mtoto. Akishapita 18 hauko tena. Kwenye kikao cha mapitio cha miaka 15 au 16, hata kama mahusiano yenu na halmashauri yameharibika, inua mkono uulize: ombi la uraia limetumwa tarehe gani, na nakala yake iko wapi?